Uzoefu wangu na Njia ya 1 ya metro ya Paris: treni bila dereva ndani ya handaki la 1900

Simama kwenye kioo cha mbele kabisa, pale ambapo zamani palikuwa na chumba cha dereva. Utaliona handaki likijipinda kufuata barabara ya juu, kwa sababu lilichimbwa chini yake kwa usimamizi wa mhandisi Fulgence Bienvenüe, likafunguliwa tarehe 19 Julai 1900 kutoka Porte de Vincennes hadi Porte Maillot. Siku hiyo vilifunguliwa vituo vinane tu, vingine vikafuata wiki kwa wiki. Leo njia ina vituo 25 na urefu wa kilomita 16.6, kutoka Château de Vincennes hadi La Défense.

Kitu cha kwanza utakachokiona ni wembamba. Mabehewa yana upana wa mita 2.4 hivi. Jiji lilitaka metro iwe yake peke yake, likachimba mahandaki ambayo treni kubwa za kampuni za reli zisingeweza kupita. Uamuzi huo wa kisiasa ndio unaotubana asubuhi mpaka leo, na hakuna ukarabati utakaoupanua ukuta. Kwa hiyo saa za msongamano usikalie kiti cha kukunja karibu na mlango. Simama, nafasi yake inatosha watu wawili.

Treni inakwenda kwa matairi ya mpira, mabadiliko ya miaka ya 1963 na 1964. Faida yake ni kushika kasi na kufunga breki haraka, jambo la maana pale vituo vinapokaribiana. Magurudumu ya chuma hayakuondolewa: yapo kando ya matairi, upande wa ndani, na tairi likipasuka treni inayakalia relini. Hasara ni joto. Mpira huchemka unapozunguka, na handaki hulihifadhi joto hilo. Wakati wa kiangazi beba maji.

Sasa nije kwenye kazi ninayoiheshimu kuliko zote. Njia ya 14 ilizaliwa bila dereva mwaka 1998, lakini ilijengwa mpya kutoka sifuri. Hapa waliibadili iwe bila dereva njia yenye zaidi ya miaka mia moja huku abiria wakiendelea kusafiri, kazi nyingi zikifanyika usiku. Majukwaa yaliimarishwa na kusawazishwa kwanza, maana yalikuwa hayakujengwa kubeba uzito wa milango ya ukingoni mwa jukwaa. Ndipo milango hiyo ya jukwaani ikasimikwa, ikalazimika kufanya kazi na treni za zamani zenye dereva, kisha zikaingizwa treni mpya 49 aina ya MP 05, kidogo kidogo. Ya kwanza bila dereva ilibeba abiria tarehe 3 Novemba 2011. Kwa zaidi ya mwaka aina zote mbili zilifuatana relini, hadi 15 Desemba 2012 ilipobaki ya kujiendesha tu. Muda mfupi kabisa kati ya treni mbili ulishuka kutoka sekunde 105 hadi 85.

Kwa abiria faida kubwa ni siku ya mgomo: njia nyingine zinapopunguziwa treni au kusimama, hii huendelea. Milango nayo imezuia watu na vitu kuangukia relini, chanzo cha ucheleweshaji mwingi wa zamani. Ila mlango ukianza kufunga, usiusukumie begi. Kikwazo kwenye mlango mmoja kinazuia treni nzima na zinazoifuata.

Bastille jukwaa limepinda. Behewa limenyooka, hivyo pengo halilingani kila mahali: tazama chini kabla ya kukanyaga. Vituo vingi havina lifti, na kwa anayetumia kiti cha magurudumu au anayesukuma gari la mtoto hilo ndilo kosa kubwa la njia hii. Njia ya 14, kinyume chake, ina lifti.

Nauli imekuwa rahisi. Zamani tiketi ya kawaida ilikufikisha La Défense kwa metro, lakini kwa RER A, treni ya kwenda vitongojini, ilikuwa kosa la kutozwa faini, na wageni wengi walinaswa hapo. Tangu Januari 2025 tiketi moja ya metro, treni na RER inatumika eneo lote la Île-de-France, yaani mkoa wa Paris, isipokuwa kwenda viwanja vya ndege; ilianza kwa euro 2.50, ukiipakia kwenye kadi ya Navigo Easy ya euro 2.

Kwa makumbusho ya Louvre, shuka Palais Royal–Musée du Louvre. Jina la Louvre–Rivoli huwapotosha wengi, wakajikuta wanarudi kwa miguu.