Kitabu cha alama za besiboli nilichochapishiwa Kariakoo: karatasi safi, gundi hovyo

Maduka ya michezo Kariakoo yatakuuzia jezi za Simba na Yanga mpaka uchoke, ila kitabu cha kuandikia alama za besiboli hukipati. Mimi ndiye mwandika alama wa vijana wetu wanaofanya mazoezi Upanga, kwa hiyo nilichora jedwali langu kwa rula nikalipeleka steshenari moja jirani na Mtaa wa Msimbazi. Nakala kumi, kava gumu. Baada ya kuvutana tukakubaliana elfu tisa kila kimoja, na kwa bei hiyo sina ugomvi nao.

Karatasi ni nzuri kweli. Penseli inashika, na ukifuta haichubuki. Kwangu hilo ni kubwa, maana kuamua kama mpira ulikuwa hiti (pigo safi linalomfikisha mpigaji kwenye besi, yaani kituo) au kosa la mlinzi mara nyingine kunataka kufuta na kuandika upya. Mistari ya vimraba wameichapa kijivu hafifu, namba zinasomeka hata jua likizama. Sikuomba hilo, kijana wa kompyuta aliliwaza mwenyewe. Hongera zake.

Lawama ni safu. Mimi nilichora mbili: banti ya kujitolea (mpira unaogongwa taratibu ili mwenzako asogee besi huku wewe ukitolewa), na mpira wa juu unaodakwa huku mwenzako akitoka besi ya tatu kwenda kufunga. Ili jedwali lienee kwenye A4 ya wima, kijana akaziunganisha. Nilipomuuliza akanijibu, "Anko, si zote kujitolea tu?" Kwa mtu mwingine sawa. Kwa anayepiga hesabu ya BABIP, hapana.

BABIP ni wastani wa mpigaji kwa mipira iliyobaki mchezoni tu. Chukua hiti, toa homurani (mipira iliyopigwa hadi nje ya uwanja). Gawanya kwa zamu rasmi za kupiga (za kujitolea hazihesabiwi humo), ukiwa umetoa straikiauti (kutolewa kwa straiki tatu) na homurani, ukaongeza ile mipira ya juu ya kujitolea. Banti haimo kabisa. Mfano ni Ichiro Suzuki, mpigaji Mjapani, mwaka 2004 akiwa na timu ya Seattle, Marekani: hiti 262, homurani 8, zamu 704, straikiauti 63, mipira ya juu ya kujitolea 3. Inakuja 254 kwa 636, yaani 0.399. Mwaka uliofuata, mtu yuleyule na miguu ileile, ikashuka hadi 0.316. Ndiyo maana simhukumu kijana kwa msimu mmoja. Mpira huohuo leo unampita mlinzi kwa upana wa kidole, kesho unaingia moja kwa moja kwenye glavu.

Miaka ndiyo inayosema. Kwa misimu yake 19 ya ligi kuu ya Marekani, Ichiro alimaliza na 0.338, wakati wastani wa ligi huzunguka 0.300. Rod Carew, mpigaji mwingine wa ligi hiyo wa zamani, yuko juu yake, 0.359, na homurani zake zote ni 92 tu. Wote wawili walipiga kwa kushoto, hatua moja au mbili karibu zaidi na besi ya kwanza, na wote walikuwa na mbio. Hapo usiniambie bahati.

Sasa hesabu ya miaka inataka madaftari yanayodumu miaka, na gundi ya hawa jamaa haidumu. Kwa joto na unyevu wa Dar, mgongo ulianza kuachia kabla msimu haujaisha, kurasa za katikati nikazibana kwa stepla. Nilipovirudisha, mwenye duka hakubisha: akavifunga upya kwa spairo bila malipo, ila vile tu vilivyokwisha kuachia. Vingine, akasema, nivilete vikichanika. Haya bwana.

Ukienda, omba A4 ya kulala na spairo tangu mwanzo. Wahi asubuhi kabla wanachuo hawajajaa na ripoti zao, na usilipe kabla hujaona ukurasa wa majaribio. Oda ijayo nawapelekea haohao; hiyo mistari ya kijivu sijaiona kwingine.