Kalenda ya kuchana: mwaka mzima kwenye kibaraza changu, Lindi

Nina cherehani mbili kwenye kibaraza karibu na stendi, Lindi mjini. Januari alinipitia machinga na kalenda nene ya kuchana: kila siku na karatasi yake, kila karatasi na mambo matatu manne yaliyowahi kutokea tarehe hiyo. Alianzia 12,000, nikaichukua kwa 8,000. Nilitaka kitu cha kuwashughulisha wateja wanaosubiri suruali kupindwa.

Kwa kazi hiyo imeishinda redio. Aprili 26 ilileta Muungano wa 1964, mtambo wa nyuklia wa Chernobyl uliolipuka 1986, na mji wa Guernica kule Hispania uliopigwa mabomu 1937, tena Jumatatu, siku ya gulio. Wateja wawili walibishana kama tarehe inaweza kuwa na nuksi na baraka kwa pamoja, mpaka mmoja akaondoka bila gauni lake.

Karatasi zenyewe nyepesi mno. Ukichana kwa pupa unaondoka na siku tatu. Gundi ya juu iliachia wakati wa masika, nikaishona kwa sindano ya jinzi na uzi mara mbili. Haijaachia tena.

Iliyonikera ni Aprili 15. Imejaa: Rais Lincoln wa Marekani alikata roho 1865, meli ya Titanic ikazama 1912 na watu zaidi ya 1,500, mashabiki wa Liverpool wakabanwa hadi kufa kwenye uwanja wa mpira wa Hillsborough 1989, kanisa la Notre-Dame la Paris likashika moto 2019. Yote kweli. Mwalimu mmoja mstaafu wa historia, mteja wangu wa kaunda suti, akaisoma yote, akageuza nyuma kama vile kuna mengine, kisha akaniuliza, "Fundi, Unguja iko wapi hapa?" Kumbe Aprili 15, 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja majahazi bandarini na kung'oa mikarafuu karibu yote. Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa, na ndiyo iliyokuja kushika karafuu. Sisi watu wa pwani tunasomeshwa barafu ya Atlantiki, tufani yetu wenyewe haimo!

Bi mkubwa mmoja aliyeleta kitenge akadakia: "Mwanangu, mimi tarehe yangu hainijui mtu. Mama aliniambia tu nilikuwa tumboni tufani ilipopiga Lindi." Mwalimu akamwambia basi huo ni Aprili 1952. Nilipekua karatasi za Aprili zote thelathini. Hakuna.

Desemba 9 nayo imeandikwa "Tanzania yapata uhuru, 1961". Jamani! Ni Tanganyika, na tarehe hiyohiyo mwaka uliofuata ikawa jamhuri. Mwalimu alichukua chaki yangu ya kukatia nguo akafuta "Tanzania" kwa mstari mmoja mweupe, bila kuniomba ruhusa.

Je, ununue? Kama una kinyozi, saluni au kibaraza kama changu, nunua, ila usitoe zaidi ya 8,000, na ishone kabla ya masika. Kama ni ya mtoto kusomea mtihani, hapana, labda umpe na mwalimu wangu juu yake. Machinga nimeshamwambia ya mwaka ujao aniletee. Bi mkubwa bado hajafuata kitenge chake; karatasi ya Aprili 15 nimeibana kwa pini humo ndani, na nyuma yake nimemwandikia 1952.