Skrini ya Eg-S kwenye Canon 6D, kwa sisi tunaofokasi kwa mkono

Natumia Canon 6D na lenzi ya Nikkor ya zamani 50mm f/1.4 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi liko wazi zaidi) kwa adapta, fokasi yote kwa mkono, na muda mrefu nilidhani macho yangu ndo mabovu. Unachungulia unaona jicho la bi harusi liko shapu kabisa, unabonyeza, ukifungua picha kwenye kompyuta unakuta herini ndo imetulia na jicho lina ukungu. Kumbe ile skrini ya kufokasia inayokuja na kamera, Eg-A II, yani kile kipande chembamba ndani ya kamera kinachokuonyesha picha ukichungulia, imetengenezwa ili uone kweupe, na inakuonyesha kama vile lenzi umeibana mpaka f/2.8 hivi. Yani ukiwa mita moja na mtu, kwa f/1.4 sehemu iliyo shapu ni kama sentimita 3 tu, ila wewe kwenye kitundu cha kuchungulia unaona kama 6. Hapo utampata wapi!

Kwanza nilinunua mtandaoni skrini ya bei chee yenye duara katikati lililokatwa, nusu mbili zikiungana ujue fokasi imekaa. Aisee ni tamu, ila ya kwangu haikukaa sawa kwenye nafasi yake, kila picha fokasi inaangukia nyuma ya ninachopiga, nikiweka lenzi ya f/5.6 nusu ya duara inakuwa nyeusi tii, na kipimo cha mwanga nacho kikawa kinayumba. Nikaitoa.

Eg-S, skrini nyingine ya Canon ya kubadilishia, ndo imenituliza. Ukizungusha pete ya lenzi unaona kabisa ukali unatembea, unatoka kwenye pua, unapita kope moja moja, unafika kwenye mboni, hapo unabonyeza. Kuifunga ni dakika chache kwa kile kikoleo kinachokuja nayo, ila usiiguse kwa kidole wala kitambaa maana inachubuka haraka, vumbi lipulize tu, halafu ingia kwenye menyu uiambie kamera umeweka Eg-S la sivyo kipimo cha mwanga kitakudanganya. Kisha weka rula kwa mshazari, fokasi kwenye namba moja ya rula, piga kwa f/1.4, uhakikishe namba hiyo ndo iliyo shapu.

Ubaya wake ni giza. Imetengenezewa lenzi zinazofunguka mpaka f/2.8 au namba ndogo zaidi, mimi nikirudisha lenzi yangu ya 24-105 f/4 ukumbini jioni nachungulia kwa shida kweli. Kama hiyo ndo lenzi yako ya kazi baki na skrini uliyonayo. Na wenye 5D Mark III msihangaike kutafuta, kwenye hiyo kamera skrini haijatengenezwa mtumiaji aibadilishe.