Kapi, gango la bomba na kioo: vifaa vya mkono nilivyotumia baada ya kiharusi

Mimi ni fundi cherehani hapa Nakuru. Kiharusi kilinipiga mwaka jana kikauacha mkono wa kushoto unaning'inia kama wa mtu mwingine, nao ndio unaoongoza kitambaa.

Kitu cha kwanza nilichonunua ni kapi la mlangoni, shilingi 900. Mkono mzima unavuta kamba, ule uliolegea unapanda. Wiki ya pili bega likauma usiku hadi nikashindwa kulalia ubavu. Fizio, mtaalamu wangu wa mazoezi ya viungo, alipoliona akaniambia niling'oe siku hiyohiyo: misuli inayoshikilia bega ikishalegea, kuvutwa juu ya kichwa ni kuliumiza. Muuzaji hakunieleza hayo. Kamba yake sasa naanikia matambara.

Kibanio cha springi cha kufinya kwa ngumi, 250, sikitaki hata bure. Shida yangu si kukunja ngumi, ni kuifungua.

Gango, yaani kifaa kigumu cha kushikilia kiganja na vidole vikae vimenyooka, nimelipenda. Fizio alichora kiganja changu kwenye karatasi, fundi wa jua kali akapasha moto kipande cha bomba la maji la plastiki, akakipinda kikafuata mchoro. Shilingi 600. Kingo zilinikwaruza, nikazishonea sponji na kipande cha leso kuukuu, kwa mkono mmoja na meno! Nalala nalo, na asubuhi vidole vinanyooka bila vita. Linatoa jasho, na velkro imejaa nyuzi.

Lakini kioo ndicho kilichonishangaza. Cha sokoni tu, 350. Nakisimamisha katikati ya meza, mkono mgonjwa nyuma yake, mzima mbele. Navua pete kwanza, maana nikiiona najua huo ni wa kulia. Nikifungua na kufumba ule mzima, kiooni naona wa kushoto unacheza. Fizio anasema mbinu hii ilianza miaka ya 1990 kwa watu waliokatwa mkono lakini bado wanausikia ukiuma. Dakika 15 asubuhi, 15 jioni. Wifi yangu akipita ananicheka: "Leo unajitazama, una mgeni?"

Mwezi wa pili kidole gumba kikatikisika. Siwezi kukipa kioo sifa zote, kwa sababu kila siku pia nilikuwa nasukuma taulo mezani kwa mkono huo, na taulo sikulinunua.

Sasa nashona foronya. Zipu bado namwachia msichana wa dukani.