Tahariri ya "mpigie huyu kura": nimeisoma kwenye magazeti kadhaa ya Marekani, tathmini yangu hii hapa

Watu wengi wakitathmini gazeti la kulipia wanaongelea apu, matangazo, bei ya kila mwezi. Mi leo napima kitu kimoja tu ndani ya gazeti, ile tahariri ya kumuidhinisha mgombea urais, maana tangu 2024 watu wamegombana sana juu yake na naona wengi hawajui hata nani anaiandika.

Kwa asiyejua: haiandikwi na waandishi wanaofuatilia kampeni. Inaandikwa na bodi ya wahariri wa ukurasa wa maoni, kikundi kidogo kinachokaa pembeni na chumba cha habari, na mwandishi wa habari anaweza kuikuta asubuhi kama mimi na wewe. Mmiliki naye kwa desturi ya Marekani ana haki ya kusema neno la mwisho kwenye ukurasa huo. Hiyo ni muhimu uishike kabla hatujaendelea.

Bora kabisa niliyowahi kusoma ni ya Arizona Republic, gazeti la jimbo la Arizona, 2016. Gazeti lilianzishwa 1890 na miaka yote hiyo halijawahi kumuidhinisha mgombea urais wa Democratic, halafu likamuidhinisha Hillary Clinton. Sasa hapo ndo unaona thamani ya hii kitu, kwa sababu walikuwa wanaongea na wasomaji wao wenyewe wahafidhina, wanawaambia jambo wasilotaka kusikia, na wanatoa hoja moja baada ya nyingine kwanini safari hii wametoka kwenye njia yao. Watu wakafuta usajili, vitisho vya kuuawa vikaja, na kuna aliyepiga simu akataja jina la Don Bolles, yule mwandishi wao aliyeuawa kwa bomu la gari 1976. Mchapishaji wao Mi-Ai Parrish akaandika kuwajibu wote, kwa upole, bila kurudi nyuma hata hatua moja. Nikisoma ile barua mpaka leo nanyamaza kidogo. Tahariri ile iliwagharimu walioiandika na ndo maana msomaji aliiamini.

Sasa tuje Washington Post.

Tarehe 25 Oktoba 2024, siku 11 kabla ya uchaguzi, mchapishaji wao William Lewis akatangaza kwamba hawatamuidhinisha mtu, si mwaka huo wala chaguzi zijazo za urais, akasema wanarudi kwenye asili yao. Na kweli zamani hawakuwa na hiyo desturi, ilishika 1976 kwa Jimmy Carter, na 1988 walikaa kimya. Kwa hiyo uamuzi wenyewe ukiuchukua peke yake hauna ubaya, magazeti mengi makini hayaidhinishi mtu na hakuna anayelalamika. Lakini bodi ilikuwa tayari imeshaandaa rasimu ya kumuunga mkono Kamala Harris! Mmiliki Jeff Bezos ndiye aliyeamua isitoke. Na siku hiyo hiyo ya tangazo, bosi wa Blue Origin, kampuni ya Bezos ya roketi yenye mikataba na serikali, akakutana na Trump. Bezos aliandika mwenyewe siku tatu baadaye kwamba hakujua habari ya huo mkutano mapema na hakukuwa na makubaliano yoyote, na akakiri kwamba heri wangefanya mabadiliko hayo mapema, mbali na uchaguzi na joto lake.

Mi nachukua neno lake kama lilivyo na bado nasema huduma hii ilikuwa mbovu. Ukitaka kuwa refa usiyeegemea upande, unatangaza kabla mpira haujaanza, hutangazi dakika za majeruhi. Angesema Januari 2023, hoja yake kwamba tahariri hizi zinawafanya watu waone gazeti lina upendeleo ningeiheshimu na pengine ningemuunga mkono. Siku 11 kabla, hata kama nia ilikuwa safi kabisa, msomaji hana namna ya kuijua hiyo nia, na anachonunua msomaji kwenye gazeti ni uaminifu, hakuna kingine. Marty Baron, aliyekuwa mhariri mkuu wao, aliuita uoga. Los Angeles Times nako siku chache kabla mmiliki Patrick Soon-Shiong alizuia tahariri kama hiyo hiyo na mhariri wa ukurasa wa maoni, Mariel Garza, akajiuzulu.

Kisha wasomaji zaidi ya 200,000 wa Post wakafuta usajili ndani ya siku chache, NPR, redio ya umma ya Marekani, ndo waliotoa hiyo hesabu. Hapa natofautiana na wenzangu wengi na najua nitapingwa. Hasira naielewa, hata mi iliniwaka, lakini pesa uliyoifuta haimuumizi Bezos, tajiri wa kiwango kile hasikii chochote, inamuumiza yule mwandishi anayekaa miezi minne na nyaraka za wizara ili akuletee habari moja, ambaye hata kikao cha ile rasimu hakukijua. Waandishi wenyewe waliwaomba wasomaji wasiondoke. Ukitaka kupinga ukurasa wa maoni, usiusome, andika barua, piga kelele, ila chumba cha habari kiache kiishi.

Je inabadilisha kura? Kidogo sana kwenye urais. 2016 kati ya magazeti 100 makubwa ni 2 tu yalimuidhinisha Trump na alishinda. Hiyo haimaanishi haina kazi. Kazi yake naiona zaidi kule chini, kwa majaji na bodi za shule, ambao sehemu nyingi za Marekani huchaguliwa kwa kura, na yale maswali marefu ya kura ya maoni ya jimbo la California ambayo ukiyasoma mara tatu bado hujui ukisema ndiyo umekubali nini. Pale bodi inawahoji wagombea ambao hakuna mtu mwingine mwenye muda wa kuwahoji, inasoma sheria yote, inakupa jibu na sababu. Urais kila mtu ameshaamua, jaji wa kaunti hakuna anayemjua. Kwa hiyo inanishangaza kuona magazeti yakibishania urais huku kurasa hizo za mitaani zikikatwa moja moja kwa kukosa watu wa kuziandika, na ugomvi wa hizo hausikii.

Kasoro moja ya kimatumizi. Kwenye karatasi tahariri ilikuwa na ukurasa wake, unajua umefika kwenye maoni. Kwenye simu inakuja na linki kama habari nyingine yoyote, neno "maoni" limeandikwa kidogo juu huko. Gazeti moja nililokuwa nalipia, jina naliacha, nilifungua nikidhani ni habari nikafika katikati ndo nikagundua wananiambia nimchague nani. Nilikasirika kwa sababu nilijiona nimedanganywa, na hoja zenyewe zilikuwa nzuri tu. Wakirekebisha hilo, nusu ya shutuma za upendeleo zitapungua.

Nyota: Arizona Republic 2016, tano kamili. Post 2024, ukurasa wa maoni moja, chumba cha habari nne na usajili wake ningeuendeleza. Kwa gazeti lolote linalofikiria kuanza au kuacha, tangazeni mwaka mmoja kabla, majina ya bodi yawe wazi, na mmiliki akiingilia aandike sababu kwa jina lake siku hiyo hiyo.