TAHADHARI kwa mnaonunua dhahabu ya sendofu hapa Dodoma: mkufu upimwe wote, si kifungio tu

Mbukwenyi ndugu zangu. Naomba msome mpaka mwisho, hasa ninyi mliokabidhiwa michango ya familia mkanunue zawadi ya bibi harusi. Mimi yamenikuta, na sitaki yamkute mwingine.

Mwezi wa sita mtoto wa kaka yangu alikuwa anaagwa hapa Nkuhungu. Sisi mashangazi tukakubaliana tumvishe mkufu wa dhahabu, kila mtu atoe alichonacho. Mmoja alituma kutoka Kondoa. Mwingine, yule mkubwa wetu wa Manyoni, aliuza magunia mawili ya alizeti ili asikose kwenye hiyo zawadi. Zikafika laki saba na themanini, nikakabidhiwa mimi kwa kuwa ndiye ninayekaa mjini.

Nikaenda kwenye duka moja la vito na zawadi, duka la mtu binafsi, safi, lina kioo na taa nzuri. Jina silitaji, shauri liko polisi. Muuzaji akanipokea vizuri sana, akanipa kiti na maji ya baridi, dada'angu huku dada'angu kule. Akatoa mkufu akaniambia ni karati 18, gramu sita. Nami sikuwa mjinga kiasi hicho, nikamwambia nataka kuona mhuri. Akanipa kioo cha kukuzia, nikaona 750 imegongwa kwenye kifungio, pale mkufu unapofungwa nyuma ya shingo. Na kweli 750 ndiyo alama ya karati 18, maana yake sehemu 750 kati ya 1,000 ni dhahabu. Halafu bila hata kuombwa akachukua jiwe jeusi, akasugua kifungio, akadondosha dawa ya kupimia dhahabu juu ya mstari uliobaki kwenye jiwe. Mstari ukabaki, haukufutika. "Unaona mwenyewe," akaniambia. Nikaona kwa macho yangu, nikalipa.

Wakati wa kulipa mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kodi, ikawa "mtandao unasumbua". Akanipa namba ya simu ya kawaida nitume pesa, si lipa namba ya duka, na jina lililotokea sikulijua. Risiti akaandika kwa mkono. Nilikuwa na haraka ya kuwahi ukumbini, nikaikunja nikaweka kwenye pochi bila kuisoma.

Wiki tatu baadaye bi harusi akanipigia, sauti ya chini. Shingo ilikuwa imeweka mstari mweusi, na mkufu umegeuka rangi ya kahawia kule nyuma ambako jasho linakaa. Hakutaka kumwambia mtu mwingine. Lakini mambo ya familia hayafichiki, na kabla ya Jumapili kuna mtu kwenye kundi letu la mashangazi alishauliza, kwa upole, kama kweli pesa yote ilikwenda kwenye mkufu. Jamani. Kuibiwa laki saba kunauma, lakini lile swali liliniuma kuliko. Sikulala.

Nikaupeleka kwa sonara mzee ambaye tuliwahi kumtumia kutengeneza pete ya mama. Akauangalia, akaniuliza duka lilipima wapi. Nikamwambia kwenye kifungio. Akatikisa kichwa. Akachukua tupa ndogo, akakwangua pete moja ya mnyororo pembeni, mkwaruzo mdogo hata huuoni vizuri, akadondosha dawa pale pale. Ikatoa povu la kijani. Kijani kabisa, kama kutu ya shaba. Akaniambia: kifungio ni dhahabu ya kweli, wamekitoa kwenye mkufu mwingine wakakiunganisha hapa, mnyororo wote ni shaba iliyochovywa rangi ya dhahabu. Kwa hiyo mhuri niliouona haukuwa wa uongo, na kipimo kile hakikuwa cha uongo. Ila vyote viwili vilikuwa vya kipande kisichofika hata nusu gramu.

Akaniambia na jambo jingine ambalo nilitakiwa kulijua kabla sijatoka nyumbani. Laki saba na themanini kwa gramu sita ni laki moja na thelathini kwa gramu. Kwa bei ya dhahabu ilivyo sasa, gramu moja ya karati 18 haishuki chini ya laki mbili, hapo hujaweka ufundi wala faida ya duka. Hakuna mfanyabiashara anayekuuzia chini ya bei ya dhahabu yenyewe. Mimi niliona nimepata bei nzuri, nikamshukuru Mungu.

Niliporudi dukani yale maji ya baridi hayakuwepo. Akanionyesha karatasi ukutani, "Mali ikishauzwa hairudishwi", akasema huenda nimebadilisha mkufu. Nikatoa risiti. Ndipo nikaisoma kwa mara ya kwanza: "Zawadi 1 – 780,000". Basi. Haina neno dhahabu, haina karati, haina gramu. Hapo ndipo alipokuwa amejificha tangu mwanzo.

Nikiwa bado nimesimama akaingia kijana mmoja na kidani cha tanzanaiti alichomnunulia mchumba wake. Cheti alichopewa kimechapwa na duka lenyewe. Yeye naye risiti yake "zawadi 1". Tanzanaiti ya kweli ukiigeuzageuza kwenye mwanga utaiona bluu upande huu na zambarau upande ule. Ile yake ilikuwa bluu ile ile kila upande, kama kipande cha chupa. Inasikitisha, maana jiwe hili duniani kote linachimbwa Mererani tu, kwetu hapa hapa, halafu tunauziana vioo.

Ndugu zangu, kabla pesa haijatoka mkononi, mwambie muuzaji aandike kwenye risiti: mkufu wa dhahabu, karati ngapi, gramu ngapi. Akisitasita, ondoka, hata kama ukumbi unakusubiri. Dai risiti ya EFD na lipa kwenye namba yenye jina la biashara. Mkufu upimwe kwenye pete za mnyororo, siyo kifungio peke yake, na ikiwezekana nenda na sonara wako mwenyewe. Anayeuza dhahabu ya kweli hakatai kukwanguliwa kidogo, akikataa hapo umeshapata jibu. Kwa vito vya thamani ni heri utembee mpaka soko la madini kwa wafanyabiashara wenye leseni.

Na lile tangazo la ukutani lisikutishe kama lilivyonitisha mimi siku ile. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu ubora wa bidhaa, na malalamiko yanapokelewa na Tume ya Ushindani, FCC. Mimi nimeandika kwao, na polisi nimefungua jalada. Pesa sijarudishiwa hata senti. Mashangazi nimewaita nyumbani, nikawawekea mezani mkufu, risiti na meseji ya muamala, sonara akaja kueleza mwenyewe. Yule wa Manyoni alilia, akanishika mkono.

Kama umenunua kitu mjini hapa ukapewa risiti ya mkono iliyoandikwa "zawadi 1", usikitupe hata kama kimeshakuwa cheusi. Tunza kiboksi, risiti na meseji ya malipo, usifute. Mpaka sasa tupo watatu, mimi, yule kijana na mama mmoja wa Chang'ombe ambaye hereni zilimvimbisha masikio. Alhamisi asubuhi tunarudi kituoni pamoja. Mwenye lake anitumie ujumbe inboksi kabla ya siku hiyo.