Vioo vya kupulizwa kwenye maonyesho ya Krismasi: geuza chombo, kagua kitako

Kila Januari wasomaji huleta lalamiko lile lile: bilauri ya kupulizwa kwa mkono, iliyonunuliwa kwenye maonyesho ya Krismasi Nairobi, imepasuka kabatini bila kuguswa na mtu. Muuzaji akiulizwa, hujibu kwamba kioo ndivyo kilivyo. Si kweli. Kioo kilichopozwa ipasavyo hakipasuki chenyewe, na kilichopozwa vibaya mara nyingi kinaweza kutambuliwa kabla hujatoa hela.

Rangi na umbo chagua mwenyewe. Ninachokuomba ni ugeuze chombo juu chini. Kitako ndicho sehemu nene kuliko zote, na ndicho huchelewa kupoa. Kioo kikitoka mkononi mwa fundi hupaswa kuingia kwenye tanuri la kupozea, kikae kwenye joto la nyuzi 500 hivi za Selsiasi, kisha joto lishushwe taratibu. Kikiharakishwa, ngozi ya nje huganda huku ndani kukiwa bado na moto, na mvutano huo hubaki humo daima. Unene ukiongezeka mara mbili, muda wa kupoza huongezeka kama mara nne. Kwa hiyo bilauri nyembamba inaweza kuwa tayari kesho yake, lakini chombo cha maua chenye kitako cha sentimita tatu hakiwezi kufuata ratiba hiyo hiyo. Oda zikifurika Novemba, karakana yenye haraka hufungua tanuri mapema, nawe unabeba mvutano huo hadi nyumbani. Mkwaruzo mdogo au maji ya moto yanatosha kuufyatua.

Nenda na miwani ya jua ya polaroidi, ile wanayovaa madereva kukata mng'ao. Weka skrini ya simu iwe nyeupe tupu na mwanga wote, vaa miwani, kisha zungusha simu mpaka skrini ionekane nyeusi. Baadhi ya skrini za simu hazifiki weusi kabisa. Hapo tumia kompyuta ya mkononi. Sasa shika chombo kati ya skrini na macho. Kikibaki na giza au kijivu hafifu, ni dalili njema. Ukiona mabaka meupe yanayong'aa au rangi za upinde wa mvua kuzunguka kitako, kirudishe mezani hata kama wamekupunguzia nusu bei. Kipimo hiki hakifai kwa kioo cha rangi nzito kisichopitisha mwanga. Hapo tazama mahali rangi mbili zinapokutana: ukiona nyufa nyembamba kama unywele, vioo hivyo havitanuki sawa na vitaachana.

Bado uko kwenye kitako. Katikati utakuta kovu la fimbo ya chuma iliyoshika chombo wakati mdomo ukimaliziwa. Kovu hilo ni ushahidi wa kazi ya mkono, ila lazima liwe limesagwa. Lipitishie tishu, ikinasa, litakwaruza meza yako. Kasoro hii unaweza kuirekebisha kwa msasa wa maji namba 220, kisha 400, kisha 600, kovu likiwa limelowa muda wote ili usivute vumbi la kioo. Mvutano wa ndani huwezi kuurekebisha nyumbani.

Viputo vya hewa visikutishe. Cha kuogopa ni punje nyeupe isiyoyeyuka, kwa kuwa haitanuki kama kioo kinachoizunguka, na ufa huanzia hapo.

Nikipanga vya kununua, namba moja ni vya Kitengela Hot Glass, karakana ya Anselm Croze, kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na upendeleo wangu siufichi. Wanayeyusha kioo chakavu, bilauri zao ni nzito mkononi, na ukienda karakanani unawaona mafundi wakipuliza na unaweza kuuliza chombo kimekaa tanurini muda gani. Anza na bilauri na majagi. Vyombo vinene vya maua vinunue baada ya kipimo cha miwani tu.

Namba mbili ni vya karakana ya Shanga ya Arusha, wanakofanya kazi mafundi wenye ulemavu kwa kutumia chupa zilizotupwa. Kwa zawadi ndogo, shanga zao za kioo ndizo salama zaidi: kitu chembamba hupoa bila taabu.

Namba tatu ni vioo vinene vya rangi vilivyoshikizwa kwa zege, kazi ambayo msanii Nani Croze, mama yake Anselm, ameitangaza sana Kitengela. Ni vizuri mno dirishani, ila ni vizito. Hakikisha zege halijaachana na kioo pembeni, na usitundike kwenye msumari wa kawaida.

Chupa zilizokatwa kuwa bilauri: pitisha kidole kwa uangalifu mdomoni, kama panakwaruza acha. Basi.

Linaloniudhi zaidi ni meza zinazopanga bidhaa za kiwandani kando ya kazi ya mkono na kuzipa bei moja. Tafuta mstari wa kalibu unaoshuka ubavuni. Chombo kilichopulizwa bila kalibu hakina mstari huo. Na muuzaji anayekukataza kugeuza chombo, au aliyebandika karatasi ya bei juu ya kovu la kitako, usimpe hata shilingi. Bei za Desemba hupandishwa kwanza ndipo zitangazwe kuwa zimepunguzwa, kwa hiyo uliza bei karakanani mwezi wa Oktoba na uiandike. Ukinunua, dai risiti yenye maelezo ya chombo na siku za kurudisha, kila bilauri ifungwe peke yake kwa magazeti, na usikubali zitumbukizwe moja ndani ya nyingine.